Bunduki Iliyostaafu Jeshini

Tarehe 2 Julai 1860, katika uwanda wa Wimbledon, nje kidogo ya London ya wakati ule, Malkia Victoria alivuta kamba ya hariri. Ncha ya pili ya kamba ilifungwa kwenye kifyatulio cha bunduki ya Whitworth, nayo bunduki ilikuwa imebanwa juu ya fremu na kulengwa na mafundi kabla Malkia hajafika. Risasi ilisafiri yadi 400 ikatua inchi moja na ushei tu kutoka kitovu cha shabaha. Ndivyo yalivyofunguliwa mashindano ya kwanza ya Chama cha Taifa cha Bunduki cha Uingereza, chama kilichoundwa mwaka 1859, nchi ikiwa na hofu kwamba Ufaransa ya Napoleon III ingevuka bahari ije kuivamia. Maelfu ya makarani, wenye maduka na mawakili walijiandikisha kuwa askari wa kujitolea, na chama kikatafuta njia ya kuwafanya waipende bunduki hata siku ambazo hapakuwa na adui wa kumpiga. Malkia aliahidi zawadi ya pauni 250 kila mwaka kwa atakayewapita wenzake wote. Zawadi hiyo ingali inashindaniwa mwezi wa Julai huko Bisley, katika jimbo la Surrey, ambako chama kilihamia mwaka 1890.

Jambo ninalotaka kulijadili lilitokea karibu miaka mia moja baada ya siku ile. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi la Uingereza lilianza kuiweka pembeni Lee-Enfield, bunduki ambayo lilikuwa limeibeba kwa matoleo mbalimbali tangu mwaka 1895, na ghala za serikali zikajaa bunduki zisizo na kazi. Baadhi zilinunuliwa na raia. Zikavuliwa mitutu ya zamani na kuvishwa mipya, zikakatwa mbao, zikawekewa vilengeo vya kurekebishwa kwa skrubu ndogo, zikawa vyombo vya kulengea shabaha. Husemwa kwamba sababu zilikuwa mbili: bunduki hizo zilikuwa rahisi, na mafundi walikuwa hodari. Sababu zote mbili ni za kweli, lakini zinaanzia mwisho wa habari. Fundi alifuata nyuma. Kilichoigeuza silaha ya vita kuwa chombo cha mchezo kilikuwa kitabu cha kanuni, yaani utaratibu wa watu waliokubaliana nini kiruhusiwe mstarini na nini kikatazwe. Palipokuwa na kanuni, bunduki iligeuka. Pasipokuwa nazo, bunduki ile ile, pengine iliyotoka kiwanda kile kile, ilishika njia nyingine kabisa, na ushahidi wa hilo tunao hapa hapa Afrika Mashariki.

Tangu mwanzo mchezo huu ulikuwa mtoto wa jeshi. Shabaha ya Wimbledon haikubuniwa ili watu wastarehe, na heshima kubwa kuliko zote, Zawadi ya Malkia, kwa miaka mingi ilishindaniwa kwa bunduki ya aina ambayo askari angepewa vitani. Yupo atakayepinga akitaja Ngao ya Elcho, iliyoanza kushindaniwa mwaka 1862, ambayo walengaji wake walitumia bunduki zilizotengenezwa mahususi kwa masafa marefu, za gharama kubwa, zisizofaa kubebwa na askari wa miguu. Kwake yeye, mchezo ulikuwa huru tangu siku zile. Ni kweli bunduki hizo zilikuwapo, na mengi yaliyojifunzwa kwazo yalirudi jeshini. Lakini zilikuwa za wachache wenye nafasi. Umati ulikuwa kwa wale waliolala kifudifudi na bunduki ya jeshi, na mshindi wao ndiye aliyebebwa kwenye kiti juu ya mabega ya wenzake, bendi ikipiga mbele.

Vita vya Makaburu, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1899 na 1902, viliukaza uhusiano huo. Wakulima wa Transvaal na Dola Huru ya Orange, wakiwa na bunduki zao za Mauser, waliwaangusha askari wa Uingereza kutoka umbali ambao maofisa hawakuutarajia. Fedheha hiyo ilizaa klabu za shabaha nchini kote, na mwaka 1901 kikaundwa chama cha klabu za bunduki ndogo, zile zinazotumia risasi ya .22 inayoweza kupigwa hata ndani ya ukumbi. Hapo ndipo tunapoona kwa wingi silaha iliyostaafu ikirudishwa kazini kwa ajili ya shabaha. Martini-Henry, bunduki iliyoingia jeshini mwaka 1871 na kupigana na Wazulu, ilikuwa imepitwa na wakati, lakini sehemu yake ya kufungia risasi ilikuwa imara na nyepesi kutumia. Mafundi waliitia mtutu wa .22, na karani wa Birmingham akawa anajifunza kulenga jioni kwa chuma kilichokuwa kimezunguka dola nzima. Agizo halikuwa la fundi. Palikuwa na klabu, palikuwa na ukumbi wa yadi 25, palikuwa na karatasi ya shabaha yenye duara za vipimo vilivyokubaliwa, na mambo hayo matatu ndiyo yaliyoamua risasi iwe ndogo kiasi gani na mtutu uwe wa namna gani.

Lee-Enfield yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Mfumo wa bolti na magazini ulibuniwa na James Paris Lee, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Canada; mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi ipae bila kuyumba, ilichorwa katika kiwanda cha serikali cha Enfield, na majina hayo mawili yakaungana. Toleo fupi, lililotokea mwaka 1903, ndilo lililobebwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Namba 4, ambayo ndiyo mada yetu hasa, iliidhinishwa mwaka 1939. Ilikuwa na mtutu mzito kidogo kuliko wa ndugu yake mkubwa, na kilengeo chake cha nyuma kilikuwa tundu lililo karibu na jicho, badala ya mkato wa V ulio mbali juu ya mtutu. Viwanda vya Fazakerley, Maltby na Shirley nchini Uingereza, Long Branch karibu na Toronto, na Savage huko Massachusetts vilitoa zaidi ya milioni nne kwa jumla. Zile za Savage zilipigwa mhuri wa mali ya serikali ya Marekani, na mpaka leo mhuri huo unasomeka ubavuni mwa bunduki ambazo hazikupata kumtumikia askari wa Marekani hata siku moja.

Kati ya vita viwili vikuu, kanuni za Bisley ziligawa bunduki za jeshi katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilitumia vilengeo vilivyotoka kiwandani. La pili liliruhusiwa kufunga kilengeo cha tundu kilichotengenezwa na kampuni binafsi, chenye skrubu za kupandisha na kusogeza kwa hesabu ndogo ndogo ili kufidia umbali na upepo. Mengine yalibaki ya kijeshi. Mbao zilipaswa kufunika mtutu kama askari alivyozijua. Uzito wa kuvuta kifyatulio ulikuwa na kima cha chini, na ulipimwa kwa jiwe la mizani: bunduki inasimamishwa wima, jiwe linaning'inizwa kwenye kifyatulio, na kikiachia kabla ya jiwe kunyanyuliwa sawasawa, mwenye nacho haruhusiwi kushindana. Risasi nazo mshindani hakuja nazo kutoka nyumbani. Alipewa pale pale mstarini, za serikali, sawa na za jirani yake wa kushoto na wa kulia. Kanuni hii ya risasi ndiyo nzito kuliko zote, na nitairudia.

Ndani ya uzio huo mwembamba ndimo ufundi ulimostawi. Familia ya Fulton ni mfano usio na mwenzake. George Fulton alishinda Zawadi ya Malkia mwaka 1888, mwanawe Arthur akaishinda zawadi hiyo hiyo, wakati huo ikiitwa Zawadi ya Mfalme, mara tatu, mwaka 1912, 1926 na 1931, na mjukuu, Robin, akaishinda mwaka 1958, na karakana yao ilikuwa Bisley penyewe. Kazi iliyowapa jina haikuonekana kwa macho. Waliufungua ubao wa mbele wa Lee-Enfield na kutazama mahali mtutu unapogusa mbao, kwa sababu mbao huvimba kwa unyevu na kunywea kwa jua, na mguso usiotulia huipotosha risasi kwa kadiri inayoonekana vizuri kwenye yadi 600. Walikwangua hapa, wakabandika kipande cha mbao kavu pale, wakaukaza ubao tena, wakapiga, wakakwangua tena. Wakisharidhika, walipiga chapa yao kwenye mbao. Ukiiona bunduki hiyo kwa nje ni ya askari. Kanuni zilidai ionekane hivyo, ndiyo maana ustadi wote ukaingia pale ambapo mkaguzi hakukataza.

Mwaka 1930 Zawadi ya Mfalme ilichukuliwa na Marjorie Foster, mwanamke wa kwanza kuipata, kwa alama 280 kati ya 300, akimpita ofisa wa jeshi kwa alama moja. Naliona tukio hili kuwa na maana kubwa kuliko inavyosemwa kwa kawaida. Jeshi la Uingereza la wakati ule lisingempeleka mwanamke mstari wa mbele na Lee-Enfield mikononi. Bisley ilimruhusu aishike, alale, alenge, ashinde. Kwa hiyo miaka mingi kabla mtutu wowote haujang'olewa, kanuni zilikuwa zimekwisha kukubali kwamba mtu aweza kuimudu bunduki ya vita pasipo kuwa askari wala kutarajiwa kuwa askari. Bunduki ilikuwa bado ya jeshi, lakini mchezo ulikuwa umeanza kupata wenyewe.

Kisha jeshi likabadilika. Mwaka 1954 nchi za NATO ziliafikiana juu ya risasi moja ya milimita 7.62, na Uingereza ikachagua bunduki inayojipakia yenyewe, iliyotokana na FAL ya Ubelgiji. Kuanzia mwaka 1957 Namba 4 ikaanza kukusanywa kutoka vikosini. Hapa klabu zilikabiliwa na uchaguzi ambao hazikuwahi kukutana nao. Kama zingelifuata jeshi kama zilivyofanya tangu mwaka 1860, zingelichukua bunduki ya kujipakia. Lakini hiyo haikufaa kulenga kwa utulivu kwenye yadi 1,000, tena serikali haikuwa tayari kuisambaza kwa raia. Kama zingeling'ang'ania Namba 4 kama ilivyo, zingelikosa risasi, kwa maana kanuni ilitaka risasi za serikali, na viwanda vya serikali, kikiwamo cha Radway Green, vilikuwa vinaelekeza nguvu kwenye 7.62. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Bisley ikakata shauri: bunduki ya bolti ibaki, risasi iwe ya jeshi jipya. Nusu ya mkataba wa zamani na jeshi ilitunzwa, nusu ikavunjwa. Bunduki iliyogeuzwa ilizaliwa kutoka uamuzi huo. Hapakuwa na silaha yoyote ya jeshi la Uingereza yenye sifa hizo mbili kwa pamoja, hivyo ilibidi itengenezwe, na malighafi iliyokuwa tele ilikuwa Namba 4.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Ganda la risasi ya .303 lina ukingo uliojitokeza kitakoni, kama kofia ya msumari, la 7.62 halina, limechongwa mfereji badala yake. Kwa hiyo kulabu ya kuvutia ganda ilibadilishwa, kichwa cha bolti kikabadilishwa, na mtutu ukaja mpya, mzito, ulioachwa huru bila kuguswa na mbao sehemu kubwa ya urefu wake. Namba 4 ilikuwa na sifa iliyowasaidia mafundi: kichwa cha bolti hufunguliwa kama skrubu. Katika bunduki ya vita vichwa vilitengenezwa kwa saizi nne, vikapigwa namba kutoka 0 hadi 3, kila kimoja kikimpita mwenzake urefu kwa sehemu tatu hivi za elfu ya inchi, ili fundi wa kikosi arekebishe nafasi ya risasi ndani ya chemba kwa kubadilisha kipande kimoja tu. Karibu na mwaka 1970 kiwanda cha Enfield chenyewe kilitoa toleo la shabaha kwa ajili ya wanajeshi, L39A1, na ndugu yake wa kiraia, Envoy. Ubao wa mbele ulikatwa ukabaki nusu. Magazini ya zamani ya .303 iliachwa mahali pake, si kwa kujaza risasi, bali kama sahani ya kuilaza risasi moja kabla ya kuisukuma chembani. Kipande kilichobuniwa ili askari apige mara kumi bila kupumzika kikawa meza ya risasi moja, kwa kuwa mlengaji wa Bisley hupewa dakika za kutosha na hushindana na upepo. India, kwa upande wake, ilitengeneza upya toleo fupi kwa risasi ya 7.62 katika kiwanda cha Ishapore, lakini ilifanya hivyo kwa ajili ya askari. Chuma kinachofanana kilitii amri mbili tofauti.

Anayeamini kwamba urahisi wa bei ndio uliofanya kazi atasema: ondoa ghala zilizojaa, na kanuni zako zitabaki karatasi tupu. Sikatai kwamba wingi ulihitajika. Ninachokataa ni kwamba wingi unaeleza mwelekeo. Tutazame Marekani, ambako silaha zilizostaafu za majeshi ya Ulaya ziliingia kwa mafuriko miaka ile ile na kuuzwa kwa posta. Zipo zilizokwenda mchezoni, kwa sababu tangu mwaka 1903 serikali ya huko ilikuwa na bodi ya kukuza ulengaji miongoni mwa raia, na kwa njia hiyo wanachama wa klabu waliuziwa bunduki za jeshi. Nyingi zaidi zilikatwa mbao sebuleni na kupelekwa porini kuwinda paa. Na mwezi wa Machi 1963 mtu mmoja aliagiza kwa jina la bandia, kutoka duka la Chicago, bunduki ya Carcano ya jeshi la Italia ikiwa na darubini, kwa dola 19.95 na gharama ya posta juu yake. Mwezi wa Novemba mwaka huo Rais Kennedy akauawa kwa bunduki hiyo mjini Dallas. Sheria ya mwaka 1968 ilipiga marufuku biashara hiyo ya posta na kuzuia kuingizwa nchini kwa silaha za ziada za kijeshi, zuio lililolegezwa katikati ya miaka ya 1980. Bei ndogo peke yake haina mwelekeo. Hufungua mlango, na atakayeingia huamuliwa na aliyesimama kizingitini.

Uswisi inalithibitisha jambo hilo kutoka upande wa pili. Huko askari wa akiba huenda nyumbani na bunduki yake, hutakiwa kupiga shabaha ya mita 300 kila mwaka, na anapomaliza utumishi aweza kubaki nayo kwa masharti, baada ya kuondolewa uwezo wa kufyatua mfululizo. Klabu na jeshi havikuachana, ndiyo maana haja ya kuigeuza bunduki ikawa ndogo. Mgeuzo mkubwa hutokea pale tu mchezo na jeshi vinapoachana njia huku kanuni za mchezo zikibaki na nguvu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo linahusu bunduki yenyewe. Wapenzi wa Lee-Enfield husema ilifaa shabaha kwa maumbile yake, na wana jambo la kushangaza la kuonyesha. Bolti ya Lee hufungwa nyuma, si mbele karibu na risasi kama ya Mauser. Baruti inapolipuka, mwili wa bunduki hujinyoosha na kujikunja kidogo sana, na mdomo wa mtutu huanza kupanda wakati risasi ingali ndani. Sasa, hakuna risasi mbili za kiwandani zenye mwendo ulio sawa kabisa. Ile ya polepole hukawia kutoka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na kufikia hapo mdomo umekwisha kupanda zaidi, hivyo hurushwa juu kuliko mwenzake mwenye kasi. Njiani ya polepole hushuka zaidi. Lakini kwa kuwa ilianza juu, zikifika kwenye yadi 900 au 1,000 zote mbili hukutana karibu na kimo kimoja. Kasoro mbili, ya bunduki na ya risasi, hufutana. Walengaji wa zamani waliijua tabia hii na kuiheshimu, na ndiyo sababu Namba 4 ilikuwa na jina zuri kwenye masafa marefu kuliko kwenye yadi 200.

Nakubali hayo yote, na nadhani ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote katika historia ya ufundi wa silaha. Hata hivyo, ubora huo ulikuwamo katika kila Namba 4 popote ilipokwenda, na haukuifanya ya michezo kila ilipokwenda. Kaskazini mwa Kenya, katika nchi ya Waturkana, Wapokot na Wasamburu, bunduki hii inajulikana kwa jina la Mark 4. Polisi wa akiba walipewa bunduki hiyo kulinda mifugo na vijiji miongo mingi baada ya Bisley kuivua mtutu wa .303, mpaka G3 na AK-47 zilipoipita. Huko hakuna aliyeikata ubao wala kuitia kilengeo cha skrubu. Si kwa sababu ya uhaba wa mafundi au wa macho makali: mchungaji anayemlinda ng'ombe usiku ana haja ya risasi kumi, si ya risasi moja na dakika ya kutafakari upepo. Utaratibu uliomzunguka ulikuwa wa ulinzi, na bunduki ikabaki ya ulinzi.

Tukirudi nyuma zaidi ushahidi unakuwa mkali. Majeshi ya Ulaya yalipoacha bunduki za kushindilia baruti mdomoni, kati ya miaka ya 1860 na 1870, mamia ya maelfu yalikosa kazi. Uingereza ilichukua sehemu ya zake, ikazipasua nyuma na kuzitia kifuniko cha kupakilia kilichobuniwa na Jacob Snider, Mmarekani, zikaingia upya jeshini mwaka 1866. Kuna Snider zilizofika Unguja, mikononi mwa kikosi ambacho Lloyd Mathews alianza kukiunda mwaka 1877 kwa ajili ya Sultan Barghash. Lakini zile zisizogeuzwa zilikuja pwani kwa wingi zaidi kama bidhaa, zikapanda bara na misafara pamoja na vitambaa na shanga. Kisha, katika mwezi ule ule wa Julai 1890 ambapo walengaji wa Uingereza walikuwa wanazindua uwanja wao mpya wa Bisley, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Katika ukanda mpana wa Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini, mkataba ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa zenye mifereji mtutuni. Kilichoruhusiwa, kwa masharti, kilikuwa mlango mmoja mwembamba: bunduki za gumegume zisizo na mifereji, na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, kitabu kimoja cha kanuni kilimpa Mwingereza bunduki iliyozidi kuwa bora kila mwaka, na kitabu kingine kikamwachia Mwafrika gobori. Mhunzi wa kijijini aliyeendelea kuifua na kuiunganisha gobori hakukosa kipaji kuliko fundi wa Bisley. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na yeye alifanya kazi ndani ya uzio aliowekewa na watu wasiomfahamu, kama Fulton alivyofanya ndani ya uzio alioushiriki kuujenga. Tofauti ya vyuma vyao ilianzia kwenye tofauti ya sauti zao mbele ya kanuni.

Wakusanyaji wa silaha za kihistoria wana lalamiko lao, nalo ni la haki kwa sehemu. Kila mgeuzo ulifuta kitu: mtutu wa mwaka 1943 ulitupwa, mbao zenye namba na alama za wakaguzi zikawa kuni, na bunduki chache zilizochaguliwa wakati wa vita kwa ajili ya wadunguzi, ambazo leo zingetunzwa kama hati za kale, ziliingia karakana na kutoka zikiwa kitu kingine. Kwa hizo chache nahuzunika pamoja nao. Kwa mamilioni yaliyobaki, njia mbadala haikuwa kabati la makumbusho bali tanuru. Na bunduki iliyogeuzwa nayo ni hati. Inasimulia namna raia wa nchi moja walivyoishi na silaha ya taifa lao baada ya taifa kuiacha, jambo ambalo bunduki safi, isiyoguswa, haiwezi kutueleza.

Kanuni iliyoipa Namba 4 maisha ya pili ndiyo iliyoyafupisha. Mara tu Bisley ilipokubali kwamba bunduki ya mashindano si lazima iwe ya jeshi, hapakuwa tena na sababu ya kuanza na bunduki ya jeshi. Australia ilileta Omark, Afrika Kusini ikaleta Musgrave, zote zikiwa za risasi moja na zimebuniwa kwa shabaha tangu mchoro wa kwanza. Mwaka 1971 George Swenson na Laurie Ingram walichora bunduki waliyoiita Swing, yenye bolti inayofungwa mbele kwa meno manne na mshindo wa haraka, bila alama yoyote ya vita mwilini mwake. Namba 4 zilizogeuzwa zikaanza kushuka daraja, kutoka kwa washindi hadi kwa wanagenzi, kutoka kwa wanagenzi hadi kwenye makabati. Sheria ya mwaka 1988, iliyotungwa baada ya mauaji ya Hungerford, ilipowanyang'anya raia wa Uingereza bunduki kubwa za kujipakia, ile ya jeshi iliyoiondoa Lee-Enfield vikosini haikuweza tena kumilikiwa na mlengaji wa kawaida, ilhali bolti ya Lee iliruhusiwa kuendelea.

Siku hizi yapo mashindano ya bunduki za kale, yanayoandaliwa na vyama vya watu wanaoipenda historia yake, na humo yamo madaraja yanayodai Namba 4 iwe kama ilivyotoka jeshini: mbao kamili, kilengeo cha kiwandani, risasi ya .303. Kwa ajili ya madaraja hayo watu wameanza kuzirudisha nyuma bunduki zilizokatwa na babu zao. Kinachotafutwa kwa shida katika minada na maduka ya vipuri ni ubao mrefu wa mbele, pamoja na vifuniko viwili vidogo vya juu ya mtutu na pete tatu za chuma za kuvishikilia, vitu ambavyo miaka ya 1960 vilifagiliwa kutoka chini ya meza za karakana.